Nyumba inauzwa, mizizi bado mifupi: kijiti cha asumini kihamie lini kwenye kopo?

Wiki hii nilipanga tuongee jinsi ya kupaka rangi chumba cha kupanga bila kuzua ugomvi, lakini hiyo itabidi ikae pembeni kidogo. Kuna dada mmoja wa Temeke kanitumia ujumbe, nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nimeona ni mambo ya haraka hayo, hayangoji foleni.

Kisa chenyewe kiko hivi. Bibi yake alifariki mwaka jana. Nyumba ya bibi, ile ya kizamani yenye vyumba sita na uwani, wajomba wameshakubaliana waiuze. Mnunuzi keshatoa kianzio, funguo anakabidhiwa baada ya wiki tatu, na kasema wazi kwamba atavunja ajenge fremu za maduka. Sasa pale uwani, ubavuni mwa ukuta wa jiko, kuna mwasumini aliouotesha bibi kwa mkono wake, una umri mkubwa kuliko mama yake huyu dada. Wajomba wamegawana vitanda, kabati na cherehani. Mjukuu hakuna aliyemwuliza anataka nini, na yeye anachotaka ni huo mwasumini tu. Jioni bibi alikuwa akichuma maua yake, anachanganya na rehani na mkadi, anafunga kikuba, na nyumba nzima inanukia mpaka asubuhi.

Basi dada wa watu kakata vijiti vitano, kavitia kwenye glasi ya maji dirishani. Leo ni siku ya kumi na tisa. Kimoja kimekuwa cheusi kwa chini. Viwili vina uvimbe mweupe. Viwili vilivyobaki vimetoa vijizizi, anasema mwenyewe, "kama punje za mchele". Anahamia Mbagala, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Swali lake: "Nivitie kwenye udongo sasa hivi kabla ya kuhama, au nisubiri? Nikikosea sina pa kukata tena."

Dada yangu, jibu la haraka nakupa hapa hapa, maelezo yatafuata. Hivyo vyenye mizizi kama punje za mchele usiviguse, bado. Na kesho alfajiri nenda uwani kwa bibi ukiwa na kisu kikali, kakate vingine si chini ya kumi.

Maana naona unachanganya vitu viwili. Hizo wiki tatu ni za mti, si za vijiti. Kijiti kilichoko kwenye glasi hakina habari na wajomba wala mnunuzi. Unaweza kupanda nacho daladala mpaka Mbagala kikiwa ndani ya maji yake, na kikaendelea kuota kana kwamba hakuna kilichotokea. Kitakachokwisha siku ya kukabidhi funguo ni ruhusa yako ya kwenda kukata tena. Kwa hiyo haraka yote ihamishie kwenye kukata, na kwenye kupanda weka subira. Wewe umefanya kinyume: umekata vitano ukaridhika, halafu unataka kuvikimbiza kwenye udongo. Kati ya vitano kimoja kimeshakufa, na hilo wala si ajabu, hata watu wa vitalu wenye uzoefu hupoteza vijiti. Ndiyo sababu wao hawakati vitano.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe, na wewe uliyejikunja huko kwenye kochi ukidhani hayakuhusu, kaa vizuri. Mani planti unayotaka kuipamba nayo geto lako, bogenvilia ya getini, nanaa ya chai, rozimeri, waridi la kumpelekea mtu wako, vyote hivyo huotesheka kwa kijiti. Tena anayejua kazi hii hanunui ua mara mbili. Anaomba kijiti kwa jirani, basi. Nimesema anaomba. Zile tabia za kupita usiku kwenye uzio wa watu na mkasi mfukoni siziungi mkono hata kidogo, piga hodi kama mtoto aliyelelewa.

Kijiti kilichokatwa ni nini? Ni kiumbe kilichokatwa mdomo. Majani yake bado yanatoa jasho, yaani yanapoteza maji hewani mchana kutwa, lakini chini hakuna mizizi ya kunywa. Kinaishi kwa akiba tu, sukari iliyobaki kwenye shina na ile kidogo inayotengenezwa na majani yaliyobaki. Hapo inaanza mbio: ama mizizi itoke kabla akiba haijakwisha, ama kijiti kinyauke. Kila unachokifanya, toka kukata mpaka kivuli, ni kukisaidia kijiti kishinde mbio hizo. Ukishika hilo moja, mengine hata hukariri.

Mfano majani. Ukiacha majani kumi kwenye kijiti cha asumini kwa sababu ni mazuri, umekiwekea matundu kumi ya kuvujisha maji. Acha mawili au manne ya juu, mengine toa. Hayo yaliyobaki kama ni makubwa yakate nusu kwa mkasi. Maua na vikonyo vya maua toa vyote, hata kama roho inauma, maana ua linakula akiba ambayo ingejenga mizizi. Urefu wa kijiti uwe kama sentimita 10 hadi 15, ambao ni kama kalamu ya wino iliyotumika kidogo. Tawi lisiwe lile jororo la kijani linalopinda kama tambi, litaoza. Wala lisiwe gumu la kahawia kama mpini wa jembe, hilo litachukua muda mrefu mno. Chagua la katikati, ambalo ukilikunja linapinda halafu linataka kuvunjika.

Chini kata kidogo tu chini ya kifundo, pale jani linapochomozea. Kwa mimea mingi hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Kata asubuhi mapema, mti ukiwa umejaa maji ya usiku. Na kumbuka upande wa juu ni upi! Usicheke, watu wanapanda vijiti kichwa chini. Ukishaondoa majani tawi linafanana juu na chini, ndiyo maana mafundi wengine hukata juu wima na chini mshazari, ili hata gizani wajue.

Kwa nini juu na chini vina maana? Kwenye ncha ya tawi mmea unatengeneza kitu kinaitwa oksini, homoni ya kukua, ambayo husafiri kushuka chini. Ukikata tawi, ile oksini inafika kwenye kidonda na kukusanyika hapo, na hiyo ndiyo ishara ya kuanza kutengeneza mizizi. Mholanzi mmoja, Frits Went, ndiye aliyeonyesha habari za homoni hii kwa majaribio yake ya vichipukizi vya oti, aliyoyachapisha mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba inaamsha mizizi pia. Ile poda ya kuoteshea mizizi inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo ina homoni ya namna hiyo hiyo iliyotengenezwa kiwandani. Ukiipata, chovya ncha kidogo tu halafu kung'uta. Ukiikosa usijinyonge, asumini inaota bila poda.

Haya, ule uvimbe mweupe. Watu wengi wanapouona wanashangilia, "imeota, imeota!" Haijaota bwana. Hilo ni kovu, mmea unaziba kidonda. Ni dalili njema, maana kijiti kilichoziba kidonda hakiozi upesi, lakini kovu halinywi maji kama mzizi. Ukikichukua kijiti chenye kovu ukakisukumia kwenye udongo mkavu juani, ukidhani una mche, utaenda kukizika wewe mwenyewe. Hivyo viwili vyako vyenye uvimbe, dada, viache kwenye maji, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Kile cheusi kitoe leo hii. Kipapase: kama ni laini na kinanuka, kimeoza, tupa, na osha glasi kwa sabuni kabla hakijawaambukiza wenzake. Kama weusi ni wa ncha tu na juu bado kigumu na kibichi, kata mpaka ukute kijani safi, ukitie kwenye glasi ya peke yake. Wagonjwa hawalazwi kitanda kimoja na wazima.

Na hiyo glasi yenyewe, mbona ya kuonyesha? Mwanga ukiingia kwenye maji baada ya siku kadhaa yanakuwa ya kijani, ule ni mwani. Tafuta chupa ya bia ya kahawia, au funga gazeti kuzunguka glasi (hili unalolisoma, ukishamaliza). Dirisha liwe lenye mwanga, ila jua la saa saba lisipige moja kwa moja.

Sasa tumefika kwenye lile uliloliuliza: lini?

Mizizi inayoota ndani ya maji imezoea kudekezwa. Iko myeupe, inavunjika upesi, na ina vinywele vichache sana, vile vidogo vidogo ambavyo kwenye udongo ndivyo vinavyokamua unyevu. Ukiihamisha ikiwa kama punje ya mchele, kumwagilia kwa kwanza tu na kushindilia udongo kunaikata, umerudi mwanzo. Ukiiacha ikafika sentimita 15, imejisokota kama nywele za mtu aliyetoka kulala, hapo nako ni balaa: itakatika wakati wa kuipanga kwenye kopo, na ile iliyobaki imezoea maji sana hivyo inateseka kujifunza udongo. Kati ya hapo ndipo penyewe. Weka vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, upana wake. Mizizi mingi ikifika hapo, sentimita 3 hadi 5, iwe zaidi ya mmoja, na angalau mmoja umeanza kutoa matawi yake madogo ya pembeni, siku hiyo hamisha. Hilo la matawi ya pembeni ndilo ninaloliamini kuliko urefu. Mzizi mmoja mrefu kama uzi wa cherehani bado ni uzi tu.

Kwa asumini iliyokwisha kuanza kama yako, sitashangaa ikachukua wiki mbili nyingine au zaidi. Kwa hiyo huenda utakuwa umeshahamia Mbagala, na sawa tu.

Hivyo vipya utakavyokata kesho usivitie vyote kwenye maji. Nusu maji, nusu mchanga. Kwa kweli kama ningelazimishwa kuchagua njia moja kwa asumini ningechagua mchanga, maana mizizi inayoota kwenye mchanga inatoka ikiwa imekomaa kiakili, haina haja ya kujifunza upya. Chukua mchanga wa ujenzi ule wa mtoni, oshe mpaka maji yatoke masafi. Usije ukaenda kuchota wa Coco Beach, una chumvi. Changanya na makumbi ya nazi yaliyosagika, nusu kwa nusu, yashike unyevu. Kopo litobolewe chini. Toboa tundu kwanza kwa kijiti kingine, ndipo uchomeke, vifundo viwili viwe chini. Mwagilia, halafu funika.

Kufunika zamani tulikuwa tunatumia rambo. Toka tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na wala usiilie, kuna kitu bora zaidi: chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ikate kitako, ivike juu ya kijiti kama kofia. Ndani hewa inakuwa na unyevu, majani hayatoi jasho sana, na ile akiba niliyokwambia inadumu. Mchana joto likizidi fungua kizibo. Chupa zenyewe zimejaa mtaani, kazi ni kuinama tu.

Tatizo la mchanga ni kwamba huoni ndani. Na vijana wa mjini hatuna subira. Nina jamaa yangu wa Sinza, mzima kabisa, ana kazi yake, alikuwa anachomoa vijiti vyake vya waridi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini "kuangalia maendeleo". Wiki sita alikuwa anachomoa. Kila kijizizi kilichokuwa kinajaribu kutoka kinakatwa na bosi anayekagua. Mwisho akatangaza kwamba udongo wa Sinza haufai.

Namna ya kukagua bila kuua ni hii. Wiki nne za kwanza usiguse kabisa. Baada ya hapo shika kijiti kwa vidole viwili, vuta juu taratibu mno, kama unavyomvuta mtoto aliyelala asiamke. Kikija bila ubishi, kirudishe, kikae wiki mbili nyingine. Kikikataa, kikakushika, pana mizizi huko chini. Njia bora zaidi ni kutumia kikombe cha plastiki cha kuonyesha, kile cha juisi, ukitumbukize ndani ya kopo lenye giza. Siku ya kukagua unakitoa kikombe tu, unaona mizizi imefika ukutani au bado. Ikifika ukutani na kuanza kuzunguka, hamisha.

Kuna alama moja inayowadanganya watu wengi nayo ni majani mapya. "Kimechipua, basi kimeota." Hapana! Kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba yake peke yake, bila mzizi hata mmoja. Bingwa wa udanganyifu huu ni bogenvilia. Unachomeka kipande, wiki ya pili tayari kina vijani vya kung'aa, unamwita mpaka mjumbe aje kuona. Wiki ya tano majani yote chini. Akiba ilikwisha, mizizi haikutoka. Kwa bogenvilia usivute hata kidogo, mizizi yake inakatika kwa kuangaliwa tu. Subiri majani ya awamu ya pili yakue na tawi jipya lirefuke, uone na mzizi unachungulia kwenye tundu la chini, ndipo uhamishe na udongo wake wote bila kuutikisa.

Tena kwa kuwa tumeigusa bogenvilia, sikiliza kituko. Jina limetokana na Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, nahodha aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea kwenye msafara huo, Philibert Commerson, aliikusanya Brazil mwaka 1767. Alikuwa na msaidizi wake, kijana mchapakazi anabeba mizigo ya mimea milimani, anaitwa Jean. Kumbe bwana, Jean alikuwa Jeanne! Mwanamke, Jeanne Baret, mpenzi wake Commerson, kajifunga kifua na kuvaa kiume kwa sababu wanawake walikatazwa kupanda meli za jeshi la majini la Ufaransa. Siri ilifichuka safari ikiwa Tahiti, mwaka 1768. Wawili hao wakashuka Mauritius, Commerson akafia huko mwaka 1773, na Jeanne baadaye akarudi Ufaransa, akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ikampa pensheni. Siku nyingine ukipita kwenye ule uzio wa zambarau Oysterbay, mkumbuke dada huyo.

Turudi Temeke. Siku ya kuhamisha ikifika, usinunue chungu kikubwa cha mapozi. Kijiti chenye mizizi ya sentimita 5 ukikitia kwenye ndoo umemvisha mtoto wa chekechea suruali ya baba yake. Udongo mwingi unashika maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyanywa, hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza. Kopo la maziwa ya unga la nusu kilo linatosha, au kiriba kidogo cha kitaluni, mradi kina matundu chini. Udongo: sehemu mbili udongo wa kawaida mweusi, sehemu moja mchanga ule ule, sehemu moja samadi ya zamani iliyooza mpaka hainuki. Samadi ya kuku iliyotoka bandani juzi usiisogeze, itaunguza. Na mbolea ya dukani nayo isubiri mpaka uone jani jipya linakua kweli.

Hamisha jioni. Shika kijiti kwenye jani au shina la juu, si kwenye mizizi. Kiweke katikati, jaza udongo kuzunguka kwa vidole, usishindilie kama unajenga msingi, maji yatashindilia yenyewe. Kile kilichotoka kwenye maji kizoeze: wiki ya kwanza udongo uwe na unyevu wakati wote, ila usiwe tope, wiki ya pili punguza, wiki ya tatu mwagilia pale tu juu panapoanza kukauka. Kofia ya chupa ibaki siku kama kumi, halafu uitoe saa moja, kesho saa tatu, mpaka kizoee. Majani kulegea siku mbili za mwanzo ni kawaida, usikurupuke kukichomoa. Jua la asubuhi kianze kulipata baada ya wiki mbili, na huko mbele kitalitaka sana, maana asumini bila jua inatoa majani mengi na maua ya kuhesabu.

Jambo moja linanitia wasiwasi, nalo ni maji ya unakohamia. Maeneo mengi ya Dar visima vina chumvi, unajua mwenyewe sabuni inavyogoma kutoa povu. Maji yale yanaunguza vijizizi vichanga, unaona kingo za majani zinakuwa kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto. Yaonje kabla hujamwagilia. Kama yana chumvi, mmea wako upate maji ya mvua au ya bomba, na ya bomba uyaache wazi kwenye ndoo usiku kucha. Kijiti kwenye kopo la nusu kilo hakinywi maji mengi, hata ukigawana nacho yale ya kunywa hutafilisika.

Liko na lile wazo ambalo naamini limeshakupitia kichwani, la kuung'oa mti mzima. Sikushauri. Mwasumini wa umri huo, mizizi imeingia chini ya ukuta wa jiko, utatoka na kisiki chenye mizizi iliyokatwa na majani kibao yanayodai maji, na wajomba juu yako. Badala yake kuna njia ya kati, nayo ianze kesho hiyo hiyo. Tafuta tawi refu la chini linalofika ardhini. Pale litakapogusa udongo, likwangue gamba kidogo upande wa chini, lizike kwenye kopo lenye udongo uliolowa, weka jiwe juu, ncha ichungulie nje. Tawi hilo bado linanyonyeshwa na mama, halina mbio za akiba, hivyo mara nyingi hilo ndilo linaloota kwa uhakika. Wiki tatu zinaweza zisitoshe kumaliza, ndiyo maana nasema kesho, na ndiyo maana nasema ndani ya kopo: siku ya funguo unalikata upande wa mama na kuondoka nalo kopo zima, likiwa limeshaanza kazi. Lizike la pili na la tatu kama yapo.

Na mnunuzi naye ni mtu. Kabla ya kuvunja huwa kunapita siku kadhaa za kupima na kutafuta fundi. Mwende umsalimie, umwambie kuna mti wa bibi uwani, unaomba urudi mara moja kukata matawi kabla ya nyundo. Akikataa hujapoteza kitu. Akikubali umepata duru ya tatu bure. Mwende na shangazi kama yupo, mtu mzima akitangulia mlango unafunguka mapema.

Ukishahesabu vijiti vyote vilivyoshika, usivibebe vyote Mbagala. Kimoja mpelekee mama, kimoja kaa nacho mwenyewe, kimoja mpe jirani wa bibi aliyekuwa akinukia kikuba kutoka upande wa pili wa ua, ili siku cha kwako kikipatwa na mbuzi ujue pa kwenda kukata. Wajomba nao wakiomba, mimi simo.

Nitumie ujumbe mizizi ikifika vidole viwili.